Awamu Zilizogoma Kuondoka

Katika fizikia ya chembe kuna desturi ambayo wanafunzi huirithi kutoka kwa walimu wao kabla hawajajua ilikotoka. Kila wanapoandika potensheli, yaani ile sehemu ya nadharia inayoeleza nishati iliyomo ndani ya uga, hukagua vigezo vyake kimoja kimoja wakitafuta namba changamano. Namba changamano ina ukubwa na ina pembe, na hiyo pembe ndiyo awamu. Wakiikuta, hujaribu kuiondoa: huuzungusha uga wenyewe kwa pembe inayofaa, awamu inamezwa, kigezo kinabaki namba halisi, na hesabu inaendelea. Vitabu vingi vya kufundishia hulimaliza suala hili kwa sentensi moja, kwamba awamu hiyo haina maana yoyote ya kifizikia. Mara nyingi ni kweli. Lakini anayeifuatilia historia ya desturi hii tangu mwaka 1918 ataona kwamba faida yake kubwa haikutoka kwenye awamu zilizoondoka. Ilitoka kwenye zile chache zilizogoma. Kila iliyogoma ilifichua jambo la kweli kuhusu ulimwengu, na angalau mara mbili ilifanya hivyo kabla ya jaribio lolote kuthibitisha.

Kwa nini awamu iondoke hata kidogo? Msomaji wa Kiswahili ana mfano mikononi mwake. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, Waingereza huanza usiku wa manane. Adhuhuri kwetu ni saa sita, kwao ni kumi na mbili. Hakuna aliyekosea, na basi linaloondoka asubuhi na kufika alasiri limetumia muda uleule kwa hesabu zote mbili. Awamu ya uga uliosimama peke yake iko hivyo: inategemea mahali tulipoamua kuanzia kuhesabu. Tofauti kati ya awamu mbili haitegemei uamuzi huo, na hapo ndipo penye kanuni yote. Kila uga unampa mwanafizikia uhuru mmoja wa kuchagua mwanzo, na kila uhuru unaweza kulipia awamu moja tu. Uhuru ukiisha na awamu bado zipo, zilizobaki ni mali ya maumbile, si za mwandishi wa mlinganyo. Kanuni hii inaonekana nyepesi. Ilichukua zaidi ya nusu karne kueleweka ipasavyo.

Wazo la kwamba mwanzo wa kuhesabu unaweza kuchaguliwa upya katika kila nukta ya anga lililetwa na Mjerumani Hermann Weyl mwaka 1918, ila yeye hakuanza na pembe. Alianza na urefu. Alipendekeza kwamba kipimo cha urefu chenyewe kiwe huru kubadilika kutoka mahali hadi mahali, na kwamba sumaku na umeme vizaliwe na uhuru huo. Einstein alilipenda wazo kwa uzuri wake na akalikataa kwa sababu moja ambayo haikujibika: kama urefu ungetegemea njia ambayo kitu kimepita, basi atomu mbili za aina moja zilizopitia njia tofauti zingetoa mwanga wa rangi tofauti, na tunaona kwamba hazifanyi hivyo. Ilibidi fizikia ya kwanta izaliwe ndipo wazo la Weyl lipate makao. Mwaka 1926 Vladimir Fock, na mwaka 1927 Fritz London, walionyesha kwamba kinachobadilika kutoka nukta hadi nukta si urefu bali ni awamu ya wimbi la elektroni. Mwaka 1929 Weyl mwenyewe aliiandika upya nadharia yake juu ya msingi huo. Pingamizi la Einstein likaanguka, maana awamu ya atomu moja iliyo peke yake haionekani na chombo chochote. Hivyo ndivyo uhuru wa kuchagua awamu ulivyoacha kuwa mazoea ya hesabu na kuwa chanzo cha nguvu: sumakuumeme ipo kwa sababu mabadiliko ya awamu kati ya nukta na nukta yanahitaji kitu cha kuyasawazisha.

Mafanikio hayo yalileta uzembe wa aina yake. Kwa kuwa potensheli ya sumaku, ambayo si ile ya nishati iliyotajwa mwanzoni, inaweza kubadilishwa wakati wowote kwa kubadilisha awamu ya elektroni, wengi walihitimisha kwamba potensheli yenyewe haina uhalisi, ni chombo cha kurahisisha hesabu tu. Mwaka 1949 Werner Ehrenberg na Raymond Siday walichapisha hesabu iliyoonyesha vinginevyo, na karibu hakuna aliyeisikiliza. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm, wakiwa Bristol, Uingereza, waliliuliza swali hilo kwa namna isiyokwepeka. Tuseme sumaku imefungiwa kabisa ndani ya koili nyembamba, na elektroni zinapita pande zake mbili bila kuigusa. Popote elektroni ilipo, unaweza kuchagua awamu upya na kuifuta potensheli ya mahali hapo. Jaribu sasa kuifuta katika mzunguko mzima unaoizingira koili, na utashindwa: ukirudi ulikoanzia, pembe haikutani na nafsi yake. Salio hilo linalingana na sumaku iliyofungiwa ndani, na lazima lisogeze mistari ya mwanga na giza ambayo elektroni huchora zikikutana. Robert Chambers aliiona mistari ikisogea mwaka 1960. Waliosema kwamba sumaku huenda ilivuja walijibiwa mwaka 1986 na Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi huko Japani, waliotumia sumaku ya umbo la pete iliyofunikwa kwa metali isiyoruhusu uga wa sumaku kupenya. Mistari ilisogea vilevile. Awamu inayoondolewa kila mahali inaweza kugoma kuondoka kwa ujumla wake.

Mlango wa pili ulifunguka Marekani mwaka 1964, na waliofungua hawakuwa wakitafuta awamu. Katika maabara ya Brookhaven, James Christenson, James Cronin, Val Fitch na René Turlay walikuwa wakipima mtengano wa chembe iitwayo kaoni, ile aina yake inayoishi muda mrefu. Miaka saba kabla, Chien-Shiung Wu na wenzake walikuwa wamethibitisha kwamba maumbile hutofautisha kushoto na kulia. Wanafizikia wakajifariji kwa wazo lililotetewa na Lev Landau, kwamba ukibadilisha kushoto kwa kulia na papo hapo ukabadilisha kila chembe kwa chembe kinzani yake, ulinganifu utarudi. Kama faraja hiyo ingekuwa kweli, kaoni ya muda mrefu isingevunjika kamwe kuwa chembe mbili ziitwazo payoni. Ilivunjika hivyo: mara 45 hivi kati ya takriban matukio 22,700. Kiasi kidogo mno, mara mbili katika elfu, lakini kilitosha kuonyesha kwamba maada na maada kinzani hazifuati sheria ileile moja kwa moja. Mwaka 1967 Andrei Sakharov alionyesha jinsi tofauti ya aina hiyo inavyohitajika ili kueleza kwa nini ulimwengu umejaa maada badala ya kubaki mtupu wenye mwanga pekee.

Lugha ya awamu inaingia hapa kwa lazima. Katika nadharia ya uga, kubadilisha chembe zote kwa kinzani zake na kushoto kwa kulia ni sawa na kugeuza ishara ya pembe ya kila kigezo. Kigezo ambacho ni namba halisi hakina pembe ya kugeuzwa, kwa hiyo hakibadiliki. Chenye awamu hubadilika, na hapo chembe na kinzani yake hutengana tabia. Basi swali la Brookhaven likawa hili: je, katika nadharia ya chembe kuna awamu ambayo hakuna mzunguko wa uga unaoweza kuiondoa? Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, vijana wawili waliosomea Nagoya na kufanya kazi Kyoto, walilichukua swali hilo kama lilivyo na kuanza kuhesabu. Kwaki, chembe za aina ya zile zilizomo ndani ya protoni na nyutroni, zilizojulikana wakati huo zilikuwa tatu, na ya nne ilikuwa imependekezwa na Glashow, Iliopoulos na Maiani mwaka 1970. Kwaki nne ni jozi mbili, na namna jozi hizo zinavyochanganyika huelezwa kwa matriki ya mbili kwa mbili: pembe moja ya kuchanganya, ambayo Nicola Cabibbo alikuwa ameitambua mwaka 1963, na awamu tatu. Uga ni nne, lakini kuzizungusha zote pamoja kwa pembe moja hakubadilishi chochote, kwa hiyo uhuru unaofaa ni tatu. Tatu kwa tatu: awamu zote zinaondoka. Ulimwengu wa kwaki nne hauwezi kutoa kile kilichoonekana Brookhaven kupitia njia hiyo.

Wakaendelea hadi jozi tatu. Matriki ya tatu kwa tatu ina pembe tatu za kuchanganya na awamu sita. Uga ni sita, uhuru unaofaa ni tano. Sita ukitoa tano hubaki moja. Makala yao ilichapishwa Februari 1973 katika jarida la Kijapani la Progress of Theoretical Physics, na pendekezo la kwaki sita halikupewa hata nafasi ya heshima. Lilikuwa mojawapo ya njia kadhaa walizozitaja kuelekea mwisho. Naisoma hesabu hiyo kama mojawapo ya kauli jasiri kabisa katika sayansi ya karne ya 20, kwa sababu ya uchache wa kile ilichokiegemea. Kwaki ya nne ilithibitishwa Novemba 1974. Ya tano ilionekana katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, mwaka 1977, na ya sita hukohuko mwaka 1995. Watu wawili walihesabu awamu, wakaona moja haina wa kuilipia, na kwa hoja hiyo wakatabiri jozi nzima ya chembe ambayo hakuna aliyekuwa na sababu nyingine ya kuiwazia.

Anayetilia shaka atasema walibahatisha. Njia nyingine zilikuwepo, na ni haki kuzitaja. Lincoln Wolfenstein alikuwa amependekeza mwaka 1964 kwamba kuna nguvu mpya dhaifu kupita kiasi, inayofanya kazi kwenye kaoni tu. Pendekezo hilo liliishi miaka 35, hadi majaribio ya maabara za CERN na Fermilab yalipoonyesha mwaka 1999 kwamba tofauti ipo hata katika mtengano wenyewe, jambo ambalo nguvu ya Wolfenstein haikuruhusu. Mwaka 2001 kundi la BaBar huko California na kundi la Belle huko Tsukuba, Japani, yaliona tofauti kubwa katika chembe zenye kwaki ya tano, kwa kiasi kilicholingana na awamu ileile moja. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 2008. Huenda Kobayashi na Maskawa walikuwa na bahati kwamba maumbile yalichagua njia yao kati ya zile walizoorodhesha. Orodha yenyewe haikuwa bahati, kwa sababu kila njia iliyokuwemo ilikuwa ni namna moja au nyingine ya kuifanya awamu igome.

Mojawapo ya njia hizo ilipitia potensheli ya nishati, na mwaka huohuo wa 1973 mwanafizikia T. D. Lee aliikuza kivyake. Potensheli ya uga wa Higgs (ule unaozipa chembe tungamo) ulio mmoja haina nafasi ya awamu: ili nishati iwe namba halisi, vigezo vyake vyote viwili lazima viwe halisi, na pembe yoyote iliyomo katika hali ya utulivu wa uga huo huondolewa kwa kuchagua mwanzo. Lee aliweka uga mbili. Alionyesha kwamba hata vigezo vyote vikiwa halisi, uga hizo zinaweza kutulia zikiwa na pembe kati yao, pembe isiyo sifuri, na tofauti ya maada na maada kinzani ikazaliwa na utulivu huo bila kuandikwa mahali popote kwenye mlinganyo. Ukiruhusu vigezo vyenyewe viwe changamano, hesabu inakuwa ya kufundisha zaidi. Potensheli ya jumla ya uga mbili ina vigezo vinne vinavyoweza kuwa na awamu. Tuchukue ile aina rahisi inayopendwa na watafiti, ambamo viwili tu vinabaki: kimoja cha daraja la pili, ambacho huzunguka kwa pembe ileile unayozungusha uga wa pili, na kimoja cha daraja la nne, ambacho huzunguka kwa mara mbili ya pembe hiyo. Kikiwepo cha daraja la nne peke yake, awamu yake inaondoka yote. Vikiwepo vyote viwili, unaweza kukisafisha kimoja unachotaka, lakini awamu inahamia kwa mwenzake. Kinachobaki imara katika kila mzunguko ni awamu ya kigezo cha daraja la nne ukitoa mara mbili ya awamu ya kile cha daraja la pili. Anayejisifu kwamba amefanya kigezo fulani kuwa halisi hajasema lolote mpaka aonyeshe awamu imekwenda wapi.

Hapo linazuka pingamizi zito kuliko la bahati. Kama awamu huhamishwa hivi kutoka kigezo hadi kigezo, mtu ana haki ya kuuliza iwapo hoja yote si mchezo wa uandishi: ninyi mnaiona hapa kwa sababu mmeamua iwe hapa. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na wanafizikia walilazimika kulijibu. Jibu la upande wa kwaki lilitolewa mwaka 1985 na Cecilia Jarlskog, mwanamama kutoka Sweden. Alitafuta mchanganyiko wa vipengele vya matriki ambao kila mzunguko wa uga unauacha kama ulivyo, na akaonyesha kwamba tofauti yote ya maada na maada kinzani katika nadharia ya Kobayashi na Maskawa hupimwa kwa namba moja. Namba hiyo ikiwa sifuri, awamu uliyonayo ni ya kuandikwa tu, hata ikionekana kubwa kiasi gani. Si sifuri; ni kama 3 katika laki moja. Upande wa Higgs ulichukua muda zaidi, kwa sababu uga mbili zenye sifa sawa haziishii kuzungushwa tu, zinaweza pia kuchanganywa zenyewe kwa zenyewe, na potensheli inayoonekana changamano katika uandishi mmoja ikawa halisi kabisa katika mwingine. Vipimo visivyotegemea uandishi vilitafutwa hapo pia, kwa kazi za Lavoura, Silva na Botella katika miaka ya 1990, na za Gunion na Haber mwaka 2005. Kwa hiyo pingamizi halikuiangusha hoja. Liliifanya iwe kali zaidi: awamu peke yake si ushahidi, ila kisichobadilika baada ya uhuru wote kutumika.

Kuna awamu moja ambayo historia yake bado inauma. Nguvu inayofunga kwaki ndani ya protoni na nyutroni inaruhusu katika mlinganyo wake kigezo cha ziada, pembe inayoitwa theta. Mwanzoni watu hawakuijali, wakiamini haina athari, mpaka kazi ya Gerard 't Hooft mwaka 1976 na ya wenzake wa wakati huo ilipoonyesha kwamba inayo. Tungamo za kwaki nazo zina awamu yake. Desturi inasema izungushwe, iondoke. Lakini Stephen Adler, na kwa upande mwingine John Bell na Roman Jackiw, walikuwa wamegundua mwaka 1969 kwamba mizunguko ya aina hii, inayogeuza kwaki za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia pande tofauti, haiachi nadharia ya kwanta kama ilivyokuwa. Kazuo Fujikawa alieleza sababu yake mwaka 1979: mzunguko hubadilisha namna tunavyojumlisha njia zote za uga. Matokeo yake ni kwamba awamu ikiondolewa kwenye tungamo huibukia kwenye theta. Jumla yao haifutiki. Jumla hiyo ingekuwa kubwa, chaji ndani ya nyutroni ingetengana, chanya upande huu na hasi upande ule. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2020 kutoka Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, hakikuona mtengano wowote hadi ukomo wa 1.8 × 10⁻²⁶ ya chaji ya elektroni zidisha sentimita. Kwa hiyo pembe hiyo, ambayo ingeweza kuwa yoyote ile, ni ndogo kuliko moja katika bilioni kumi.

Hapa hoja yangu inakutana na mtihani wake, maana hii ni awamu ambayo kwa hesabu ilipaswa kugoma, na bado haionekani. Ingetosha kwaki moja isiyo na tungamo ili uhuru mmoja wa ziada upatikane na theta iondolewe kihalali, lakini hesabu za kompyuta za nguvu hiyo zimeonyesha kwamba hata kwaki nyepesi kuliko zote ina tungamo. Roberto Peccei na Helen Quinn, wakiwa Stanford mwaka 1977, walichagua njia nyingine. Waliigeuza pembe yenyewe kuwa uga, wenye potensheli inayoshuka hadi chini kabisa palepale ambapo jumla ni sifuri. Uga huo ukiachwa utelemke, unaisafisha awamu wenyewe. Mwaka 1978 Steven Weinberg na Frank Wilczek, kila mmoja kivyake, walitambua kwamba uga wa namna hiyo lazima uwe na chembe yake, ambayo leo inaitwa aksioni. Aina ya kwanza ya aksioni ilikataliwa na majaribio upesi. Aina nyepesi na dhaifu zaidi bado zinatafutwa, miongoni mwa wengine na kundi la ADMX lililoko Seattle, na huenda hizo ndizo maada ya giza inayoshikilia galaksi. Naona tukio hili linaunga mkono hoja badala ya kuivunja: mtu alikataa kuikubali sifuri bila maelezo, kwa sababu hesabu ya uhuru ilisema sifuri hiyo haikulipiwa na yeyote.

Mwalimu anayefundisha nadharia hii leo, kwa lugha yoyote, asiiache sentensi ile ya vitabuni ipite hivihivi. Amwambie mwanafunzi ahesabu uga, ahesabu awamu, atoe, kisha aonyeshe kiasi kisichobadilika. Kazi hiyo haijakwisha. Tofauti inayotokana na awamu ya Kobayashi na Maskawa ni ndogo mno kueleza wingi wa maada uliomo ulimwenguni, na wanaolitafuta salio wanaangalia zaidi chembe ziitwazo nyutrino, ambazo nazo ni za aina tatu na nazo zina awamu isiyoondoka, na mbili zaidi iwapo nyutrino na kinzani yake ni chembe moja. Marekani inajenga jaribio la DUNE, na Japani inajenga Hyper-Kamiokande, tangi la takriban tani 260,000 za maji lililochimbiwa chini ya mlima huko Hida, yote mawili kwa lengo la kuipima awamu hiyo moja.